Namibia ina watu wangapi, na mbona imekaa tupu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa watu wa aina tatu: wanafunzi wa jiografia, wafanyabiashara wanaotaka kujua soko la huko lina ukubwa gani, na wale wanaokodolea macho ramani wakashangaa nchi kubwa vile kuwa na watu wachache kuliko Dar es Salaam. Majibu hayalingani urefu. Swali lenye nyama limepewa nafasi, lisilo na nyama limejibiwa kwa kifupi. Takwimu nyingi ni za sensa ya 2023.

Namibia ina watu wangapi hasa?

Ni watu 3,022,401. Wanawake ni wengi kidogo kuliko wanaume, kama asilimia 51.

Namba peke yake haisemi kitu mpaka uipime na unachokijua. Sensa ya Tanzania ya 2022 iliikuta Dar es Salaam ina watu 5,383,728, kwa hiyo jiji moja linaimeza Namibia nzima na nafasi inabaki. Au chukua Zanzibar: watu 1,889,773 katika kilomita za mraba 2,462. Waongezee watu milioni moja na ushei, halafu wote uwatawanye katika nchi ya kilomita za mraba 824,000 hivi, ambayo ni pungufu kidogo tu ya Tanzania. Hiyo ndiyo Namibia.

Mbona vitabu vingine vinasema milioni mbili na nusu?

Kwa sababu viliandikwa kabla ya kuhesabu. Tangu uhuru wa 1990 nchi imefanya sensa nne. Ya 1991 ilipata watu 1,409,920, ya 2001 ikapata 1,830,330, ya 2011 ikapata 2,113,077. Iliyofuata ilikuwa ifanyike 2021, lakini fedha zilipungua na Uviko ukaingilia kati, ikasogezwa hadi Septemba 2023. Kwa miaka yote hiyo kila aliyetaka namba alipiga hesabu kutoka 2011, akidhani watu wanaongezeka polepole kama mwanzo. Makarani walipopita na vishikwambi vyao, majibu yakaja juu kuliko matarajio ya wengi.

Ukikokotoa, kati ya 2001 na 2011 watu waliongezeka kwa asilimia 1.4 kwa mwaka. Kati ya 2011 na 2023 ni kama asilimia 3. Kasi haijirudufu hivyo kirahisi katika nchi ambayo wanawake wanazaa watoto wachache kuliko mama zao. Mimi nadhani sehemu ya tofauti inatokana na watu ambao 2011 hawakuhesabiwa, maana kuhesabu nchi ambayo kutoka boma hadi boma unaweza kuendesha gari saa nzima si kazi nyepesi. Hiyo ni tafsiri yangu. Namba rasmi ni milioni tatu, na ndiyo ya kutumia.

Ni kweli ni nchi ya pili duniani kwa uchache wa watu, baada ya Mongolia?

Tuanze na neno lenyewe. Kwa uchache wa watu, hapana. Zipo nchi nyingi zenye watu wachache zaidi. Botswana na Lesotho hapo jirani hazifiki milioni tatu. Wanachokusudia wanaosema hivyo ni msongamano, yaani watu kwa kilomita ya mraba.

Kwa msongamano, sentensi hiyo ilikuwa sahihi enzi ya watu 2.6 kwa kilomita ya mraba. Sasa ni 3.7, na Australia iko karibu na 3.5. Mongolia bado inaongoza kwa utupu, lakini nafasi ya pili Namibia imeshaiachia. Sentensi ya zamani bado inanakiliwa huku na huko, nawe ukiikuta angalia kwanza imeandikwa mwaka gani.

Watu 3.7 kwa kilomita ya mraba maana yake nini ukiwa barabarani?

Wastani huo hauonyeshi mahali popote. Hakuna sehemu ya Namibia utakayosimama ukasema, "naam, hapa ndipo watu ni 3.7."

Chukua barabara ya B1 kutoka Windhoek kuelekea kaskazini. Saa za mwanzo ni nyaya za uzio kulia na kushoto, vichaka vya miiba, na mageti yenye majina ya mashamba. Ngiri wanachimba kando ya lami. Watu huwaoni, isipokuwa kwenye vituo vya mafuta. Unapita Otjiwarongo, unapita Tsumeb, hali ni ileile. Kisha unafika Oshivelo, kwenye geti la uzio wa mifugo ambao wenyeji huuita Mstari Mwekundu. Anayekwenda kaskazini hana usumbufu mkubwa. Anayerudi kusini anasimamishwa, buti linafunguliwa, anaulizwa kama amebeba nyama mbichi, kwa sababu nyama ya ng'ombe wa kaskazini hairuhusiwi kuvuka hivi hivi kwa hofu ya ugonjwa wa miguu na midomo.

Vuka geti, mwendo wa dakika chache tu, utadhani umeingia nchi nyingine. Uzio wa mashamba umekwisha. Punda wamesimama katikati ya lami, hawana haraka. Kuna mashamba ya uwele, ambao kule huitwa mahangu, kuna mikoche, kuna watoto wenye sare wanaotembea kwa miguu kutoka shule. Kila baada ya hatua kadhaa kuna kibanda cha bati kimepakwa rangi, kinauza soda, bia na vocha. Vibanda hivyo huitwa cuca, jina lililorithiwa kutoka bia ya Angola iliyokuwa ikiuzwa humo zamani.

Namba zinasema hivyo hivyo. Mikoa minne ya kaskazini ya kati, Omusati, Oshana, Ohangwena na Oshikoto, ambayo watu huiita kwa mkato "O nne", ina watu 1,142,503. Hao ni karibu asilimia 38 ya taifa, wamekaa kwenye kama asilimia 10 ya ardhi. Ohangwena peke yake ina watu zaidi ya 30 kwa kilomita ya mraba. Halafu shuka hadi mkoa wa ǁKharas kusini kabisa: watu 109,893 katika eneo linalozidi mara mbili ya mkoa wa Tabora. Hata mtu mmoja kwa kilomita ya mraba haupati.

Kwa hiyo mtu akiniambia "Namibia ni tupu," mimi humuuliza, upande gani wa Oshivelo?

Kusini ni tupu kwa sababu ya jangwa tu?

Jangwa lipo, na halina mzaha. Namib imelala kando ya bahari yote kutoka kusini hadi kaskazini, na sehemu za pwani hazipati hata milimita 50 za mvua kwa mwaka. Mashariki ni mchanga wa Kalahari. Mito inayotiririka mwaka mzima iko mipakani tu: Orange kusini; Kunene, Okavango, Kwando na Zambezi kaskazini. Katikati yote hakuna mto wa kudumu hata mmoja. Mito mingine ni makorongo ya mchanga yanayopata maji siku chache kwa mwaka, na siku hizo watu hutoka kwenda kuyatazama.

Kaskazini ya kati wamebahatika. Mvua hufika milimita 400 hadi 500, na mwaka mzuri maji hushuka kutoka Angola kupitia mabonde mapana ya kina kifupi yanayoitwa oshana. Yakija kwa wingi huitwa efundja. Huleta hasara, lakini huleta na samaki: akina mama huingia majini na vikapu hadi magotini, na vyura wakubwa huishia kwenye sufuria. Mahali pa namna hiyo watu lazima wawe wengi.

Hata hivyo jangwa halielezi kila kitu. Nyanda za juu za katikati, kuanzia Windhoek hadi Waterberg, ni malisho mazuri ya ng'ombe, na miaka ya 1890 zilikuwa na Waherero wengi na mifugo yao. Walikwenda wapi?

Kwanza ilikuja sotoka ya 1896 na 1897, ikafagia ng'ombe. Kisha Januari 1904 Waherero waliwaasi Wajerumani waliokuwa wakiwanyang'anya ardhi. Agosti walipigwa Ohamakari, chini ya mlima Waterberg, wakakimbilia mchanga wa Omaheke, na jeshi likazuia visima nyuma yao. Tarehe 2 Oktoba 1904 Jenerali Lothar von Trotha alitoa amri ya maandishi kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya Wajerumani, mwenye bunduki au asiye nayo, apigwe risasi. Wanama nao waliinuka mwaka huo huo. Waliosalia walifungwa kambini, mojawapo kisiwa cha Shark kule Lüderitz, penye upepo na baridi. Makadirio yanayotajwa sana ni Waherero 65,000 waliokufa kati ya 80,000, na Wanama 10,000, nusu yao. Hesabu ya kikoloni ya 1911 iliwakuta Waherero yapata 15,000 na Wanama chini ya 10,000.

Msomaji wa Tanzania hapa hahitaji kuelezwa sana. Ni miaka ile ile ya Maji Maji, ni serikali ile ile ya Berlin, na visima kule vilifanya kazi ambayo kwetu ilifanywa na kuchomwa kwa maghala ya nafaka. Ujerumani ilikubali mwaka 2021 kuyaita mauaji hayo ya kimbari, ikaahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, na wazao wengi wa waathirika wakaona hawakushirikishwa ipasavyo. Tangu 2025, tarehe 28 Mei ni siku ya kitaifa ya kumbukumbu.

Ardhi iliyobaki bila wenyewe ilikatwa mashamba ya walowezi. Afrika Kusini ilipoichukua nchi 1915 iliendeleza mchezo huo huo, na mpango wa Odendaal wa 1964 ukawagawia Waafrika maeneo ya kikabila, Ovamboland na mengineyo. Pwani ya kusini nayo ilifungwa na Wajerumani tangu 1908 kwa ajili ya almasi. Kwa miongo mingi kuingia bila kibali lilikuwa kosa. Mashamba ya walowezi yalibaki makubwa, hekta elfu kadhaa ni jambo la kawaida, kwa kuwa malisho ni haba na kondoo mmoja anahitaji nafasi. Juu ya shamba kama hilo hukaa familia moja na wafanyakazi wachache. Takwimu za ardhi za 2018 zilionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya mashamba ya kibiashara yenye hati za watu binafsi bado yako mikononi mwa Wazungu.

Kwa hiyo utupu wa kusini umetengenezwa na mawili: mvua, na karatasi za serikali.

Watu wa Namibia ni makabila gani?

Waovambo ni karibu nusu ya watu wote, nao wenyewe ni muungano wa jamii kadhaa: Wakwanyama, Wandonga, Wakwambi na wengine. Baada yao wanakuja watu wa Kavango, Waherero, Wadamara, Wanama, watu wa Zambezi kule kwenye ncha ndefu ya kaskazini mashariki, machotara, Wabaster wa Rehoboth, Wazungu wa asili ya Kiafrikana, Kijerumani na Kiingereza, Wasan na Watswana wachache.

Mpaka wa Angola umewapasua Wakwanyama katikati. Mfalme wao wa mwisho wa enzi hizo, Mandume ya Ndemufayo, aliuawa Februari 1917 akipambana na jeshi la Afrika Kusini. Mpaka leo mtu wa Ohangwena anaweza kuwa na shangazi Angola na shamba Namibia, na swali la kwamba yeye ni raia wa wapi linamwudhi.

Wahimba na Wasan tunaowaona kwenye picha ni wengi?

Hapana. Ni wachache mno ukilinganisha na picha zao. Wahimba wako Kunene, mkoa wa watu 120,762 wa jamii zote, wanasema Kiherero na ni ndugu wa Waherero. Wasan wametawanyika mashariki na kaskazini mashariki, wengi wao vibarua kwenye mashamba ya watu wengine. Waju/'hoansi wa Tsumkwe ni miongoni mwa wachache waliobaki na sehemu ya ardhi yao, hifadhi ya jamii ya Nyae Nyae iliyosajiliwa 1998. Picha za watalii hazionyeshi kwamba Mnamibia wa kawaida ni kijana wa mjini mwenye simu anayetafuta kazi.

Wanasema lugha gani? Mswahili ataambulia kitu?

Lugha rasmi ni Kiingereza, ingawa kwenye sensa ya 2011 kaya zilizokitumia nyumbani zilikuwa kama asilimia 3 tu. Kilichaguliwa wakati wa uhuru kwa sababu hakikuwa cha mkubwa yeyote wa zamani: Kiafrikana kilinuka makaburu, Kijerumani kilinuka Trotha. Nyumbani nusu ya watu husema Oshiwambo. Kiafrikana bado ni lugha ya sokoni na ya gereji, hasa kusini.

Mswahili ataambulia, tena sana, akiwa kaskazini. Kwa Kindonga mtu ni *omuntu*, mti ni *omuti*, ng'ombe ni *ongombe*, nyama ni *onyama*. Kuhesabu: *yimwe, mbali, ndatu, ne, ntano*. Asubuhi utasalimiwa *Wa lala po?*, na hata kama hukuwahi kusikia lugha hiyo utajua unaulizwa umelalaje. Mimi husema hiyo ndiyo salamu isiyohitaji mkalimani kutoka Tanga hadi Ondangwa.

Ukishuka kwa Wanama na Wadamara, Ubantu hausaidii kitu. Lugha yao, Khoekhoegowab, ina vidoko vinne, yaani sauti za kudokoa kwa ulimi, na ndivyo vinavyoandikwa kwa alama kama ile iliyo mwanzoni mwa jina la mkoa wa ǁKharas. Kwa sisi si kitu kigeni kabisa, kwa kuwa Wasandawe wa Chemba na Wahadzabe wa Eyasi wana vidoko pia, na wapo wanaisimu wanaoamini Kisandawe kina undugu na lugha hizo za kusini.

Dini?

Wakristo kwa sehemu kubwa mno, na Walutheri ndio wengi. Wamisionari wa Kifini waliingia Ondonga 1870 na alama yao iko hadi kwenye majina: Andimba Toivo ya Toivo, aliyefungwa miaka mingi Robben Island, jina lake *Toivo* ni la Kifini, maana yake tumaini.

Windhoek ni kubwa kiasi gani?

Mkoa wa Khomas una watu 494,605, na karibu wote ni wa Windhoek. Miji inayofuata, Rundu na Walvis Bay, inazidi laki moja kidogo. Hakuna mji wa kati na kati: kuna mji mkuu, halafu vimji.

Jiji limekua haraka kuliko uwezo wake. Mwaka 1991 waliokaa mijini walikuwa kama asilimia 28 ya Wanamibia, 2011 wakafika 43, sasa ni karibu nusu kwa nusu. Wengi wao hufikia Katutura. Jina ni la Kiherero, maana yake mahali tusipotaka kukaa. Serikali ya kibaguzi ilitaka kuwahamisha Waafrika kutoka mtaa wao wa zamani, wakagoma, na tarehe 10 Desemba 1959 polisi wakafyatua risasi, wakaua watu 11. Mwishowe walihamishwa. Leo mabanda ya mabati yamepanda vilima kaskazini magharibi ya Katutura, na watu wanaendelea kushuka kwenye mabasi. Wakiwa na njaa watakwenda Single Quarters, ambapo nyama ya kapana hukatwa vipande vidogo juu ya moto mbele yako, unachovya kwenye pilipili na chumvi, unalipia kadiri ulivyokula.

Jina Single Quarters nalo ni sehemu ya historia ya idadi ya watu. Yalikuwa mabweni ya wanaume wa mkataba. Kwa miongo mingi mwanamume wa Ovamboland aliruhusiwa kushuka kusini kwa kazi ya mgodi au shamba, mwaka mmoja au zaidi, bila mke na bila watoto. Mgomo mkubwa ulioanza Desemba 1971 ulitikisa mfumo huo. Mpaka leo, familia yenye bibi na wajukuu kaskazini na wazazi Windhoek ni jambo la kawaida kabisa.

Jiji la nusu milioni jangwani linakunywa nini?

Linakunywa maji yake yenyewe. Tangu 1968 Windhoek inasafisha majitaka pale Goreangab hadi yanarudi kuwa ya kunywa, na ndilo jiji la kwanza duniani kufanya hivyo. Wageni hukunja uso. Wenyeji hufungua bomba.

Kwa nini wanasema ni nchi ya vijana?

Kwa sababu takriban watu saba kati ya kumi hawajafika miaka 35, na zaidi ya theluthi moja ni watoto chini ya miaka 15. Uzazi umepungua: miaka ya mwanzo ya uhuru mwanamke alikadiriwa kuzaa watoto zaidi ya watano, na uchunguzi wa afya wa 2013 ukapata 3.6. Kaya nazo zimepungua ukubwa, kutoka watu 5.1 mwaka 2001 hadi 3.8 mwaka 2023.

Ajira ndiyo kidonda. Sensa ilipata asilimia 36.9 ya nguvukazi haina kazi, na kwa vijana hali ni mbaya zaidi. Wakati huohuo Namibia ni ya pili nyuma ya Afrika Kusini kwenye orodha nyingi za pengo kati ya tajiri na maskini. Wanaodhani watu wachache wenye almasi, urani na samaki lazima wote waishi vizuri, wakaangalie namba hizo mara mbili.

UKIMWI uliathiri vipi idadi ya watu?

Vibaya. Mwaka 2002 wajawazito waliopimwa kliniki walikutwa na maambukizi kwa kiwango cha kama asilimia 22. Umri wa kuishi ulishuka hadi hamsini na kitu, halafu dawa zikafika hadi vijijini na ukapanda tena juu ya 60. Uchunguzi wa 2017 ulikuta asilimia 12.6 ya watu wa miaka 15 hadi 64 wana virusi. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliitambua Namibia kwa hatua iliyopiga kuzuia mama asimwambukize mtoto virusi vya UKIMWI na homa ya ini ya aina B, na kwa nchi yenye mzigo mkubwa kiasi hicho si jambo dogo. Kupeleka dawa kila mwezi kwa mtu anayekaa kilomita 80 kutoka zahanati ni kazi ya magari na matairi.

Serikali inawahudumiaje watu waliotawanyika hivyo?

Kwa gharama kubwa. Kijiji cha watu 200 kikitaka shule, kisima na umeme, gharama kwa kila mtu ni mara nyingi zaidi ya ile ya mtaa wa Rundu. Kunene kumekuwa na shule zinazohama na wafugaji: hema, mwalimu, ubao, na wakihama malisho nazo zinahama. Pia tangu sheria ya 1996 jamii zinaweza kusajili hifadhi zao za wanyamapori na kupata mapato ya utalii. Zimefika 86. Hapo uchache wa watu umegeuka mtaji, kwa sababu tembo na vifaru weusi wanahitaji nafasi ambayo sisi hatuna tena.

Kuna uhusiano gani na Tanzania?

Wa damu ya mapambano. Sam Nujoma, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Namibia, alifika Dar es Salaam akiwa mkimbizi miaka ya mwanzo ya 1960, na kuanzia 1964 wapiganaji wa SWAPO, chama chake cha ukombozi, walikaa kambi ya Kongwa, Dodoma, pamoja na wenzao wa vyama vingine vya ukombozi. Kundi lililotoka huko ndilo lililokuwa Omugulugwombashe, kaskazini mwa Namibia, tarehe 26 Agosti 1966, risasi za kwanza za vita vya uhuru zilipolia. Rais wa sasa, Netumbo Nandi-Ndaitwah, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo, aliiwakilisha SWAPO Afrika Mashariki akiwa Dar miaka ya 1980. Ukikutana Windhoek na mzee mwenye mvi anayekuambia "karibu sana, ndugu" kwa Kiswahili kilichonyooka, muulize kama alipita Kongwa.

Nikitaka kuwakuta watu, niende lini na wapi?

Usiende Windhoek mwishoni mwa Desemba. Kuanzia katikati ya mwezi watu hupakia gari, magodoro juu, mifuko ya unga, televisheni ya bibi, na B1 hujaa kuelekea Oshivelo. Polisi wa barabarani husimama usiku na mchana kwa sababu ajali huwa nyingi. Katutura hupoa, maduka yanafunga mapema, na foleni hupotea kwa wiki tatu. Kaskazini, boma lililokuwa na bibi na wajukuu watatu sasa lina watu ishirini na watano, mbuzi anachinjwa, pombe ya mtama inachemka, na vibanda vya cuca havifungi hadi alfajiri. Mwezi wa Januari, wiki ya shule kufunguliwa, wote wanapanga mstari tena pale getini, upande wa pili, buti wazi, wakiulizwa wamebeba nyama gani.